Umaridadi wa mkahawa si kinga ya tumbo

MKAHAWA mpya ukifunguliwa jijini Nairobi, habari zake hutangulia harufu ya jiko. Ndivyo ilivyokuwa kwa mkahawa mmoja wa vyakula vya Kimexico, ambao jina lake nitalihifadhi. Kazini hapakuwa na mazungumzo mengine. Aliyekwisha kwenda alisimulia kana kwamba ametoka ng'ambo, na ambaye hajaenda alijiona amebaki nyuma.

Nasi tukaenda. Mara ya kwanza tulikuwa wawili, mimi na mke wangu, jioni ya Ijumaa. Tulingoja chakula kwa muda wa saa moja na robo. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi za kupendeza, kofia pana za majani zimetundikwa kila mahali, na muziki ulikuwa juu hata tukawa tunazungumza kwa ishara. Chakula kilipokuja kilikuwa vuguvugu. Tortilla, yaani zile chapati ndogo za mahindi, zilikuwa zimekauka mithili ya kadibodi. Guacamole, ambayo ni avokado iliyopondwa na kutiwa ndimu, dhania na kitunguu, ilikuwa imeingia weusi. Tulikula nusu, tukalipa pesa ambazo zingetosha mboga za juma zima, tukaondoka bila kusema neno.

"Labda ndivyo kinavyoliwa kwao," nilimwambia mke wangu tulipokuwa njiani.

"Baba Watoto, baridi ni baridi, hata huko Mexico," alinijibu.

Lingekuwa jambo la busara kuishia hapo. Lakini wiki tatu baadaye binti yetu alitimiza miaka sita, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Nyeri kututembelea. Mtoto alikuwa amesikia wenzake shuleni wakiutaja mkahawa huo, akataka apelekwe. Tukaenda Jumapili mchana, siku ambayo wateja hujipakulia wenyewe.

Wali na maharagwe vilikuwa kwenye masinia makubwa ya chuma. Vimoto vya kupashia vilikuwa chini yake, lakini viwili vilikuwa vimezimika. Mama mkwe alionja maharagwe, akalitafuna moja kwa makini, kisha akaisukuma sahani kando.

"Haya hayajaiva," alisema. "Na mbona tumelipishwa bei ya mbuzi ili tule githeri?"

Meza ya jirani waligeuka kututazama. Nikaona haya. "Mama, huu ni upishi wa kwao," nilimwambia kwa sauti ya chini, nami nikamwongezea mtoto wali na maharagwe kwenye sahani yake. Mama mkwe hakubishana. Alikula tortilla mbili zilizotoka jikoni zikifuka moshi, akanywa chai.

Tulikula saa saba. Kufikia saa kumi binti yetu alikuwa akitapika. Mimi nilifuata nusu saa baadaye. Mke wangu, aliyekula samaki, hakuugua, wala mama yake. Mpaka saa tatu usiku mtoto alikuwa amekauka midomo, macho yameingia ndani, na hakuwa amekwenda haja ndogo tangu mchana. Tulimkimbiza hospitalini, akawekewa maji kwa mshipa, akalala huko usiku mmoja.

Washukiwa wawili

Daktari aliyempokea aliuliza maswali matatu tu. Mlikula nini? Mlikula saa ngapi? Ni nani kati yenu hakuugua? Alisema kuwa bila kupima mabaki ya chakula hakuna awezaye kuapa ni kipi kilichotudhuru, lakini kutapika ndani ya saa tatu kulimpa washukiwa wawili.

Wa kwanza ni wali. Watu wengi hawaamini kwamba wali waweza kudhuru mtu. Kuna kiini cha maradhi kiitwacho Bacillus cereus kinachopatikana udongoni na hata katika mchele mkavu. Mchele ukipikwa, viini vyenyewe hufa lakini mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo humtapisha mtu kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Ubaya wake ni kwamba haiharibiwi na moto: hata ukiupasha wali huo upya mpaka utoe mvuke, sumu hubaki.

Mshukiwa wa pili ni maharagwe mekundu yasiyoiva. Yana sumu ya asili ambayo huondoka tu yanapolowekwa, maji yale yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu katika maji mapya. Wataalamu hushauri yalowekwe angalau saa tano na yachemke kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya moto kupunguzwa. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu. Mpishi anayeyaweka maharagwe makavu juu ya moto mdogo tangu mwanzo ili kuokoa gesi, huwa anawahatarisha wateja wake.

Kwa hivyo mama mkwe, ambaye hajasoma elimu ya viini, alikuwa amegundua kwa jino lake jambo ambalo mimi nililipuuza kwa sababu ya haya.

Vuguvugu ndiko kwenye hatari

Shirika la Afya Duniani, WHO, hufundisha kanuni ambayo kila mlaji angeifaa kuikumbuka. Viini huzaana kwa kasi katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto. Chakula cha moto kinafaa kuwekwa juu ya nyuzi 60, na cha baridi chini ya nyuzi 5. Kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kinapopashwa kipate moto wa zaidi ya nyuzi 70 hadi ndani.

Ajabu ni kwamba sahani ya Kimexico huunganisha mambo mengi yanayohitaji uangalifu: wali, maharagwe, nyama iliyosagwa, jibini, na mboga mbichi kama vile nyanya, vitunguu na dhania. Nyama na maharagwe yakipikwa katika sufuria kubwa na kuachwa yapoe polepole, kiini kingine kiitwacho Clostridium perfringens hupata nafasi. Hicho huleta maumivu ya tumbo na kuhara baada ya saa sita hadi 24, wakati ambapo mlaji amekwisha kusahau alikula wapi.

Wako wanaodhani kuwa pilipili na ndimu huua kila kitu. Sivyo. Ukali wa pilipili huchoma ulimi wa mlaji lakini hauzuii maradhi, na ndimu ya kunyunyizia juu haitoshi kuisafisha mboga iliyooshwa kwa maji machafu. Na ule weusi wa guacamole si sumu kwa wenyewe. Ni hewa tu inayobadilisha rangi ya avokado. Hata hivyo, hukueleza kwamba imekaa muda, nawe una haki ya kuuliza ni muda gani.

Yametokea hata kwa wakubwa

Asidhani msomaji kwamba mambo haya hutukia kwetu pekee. Mwaka wa 2003, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wateja wa mkahawa mmoja wa kampuni ya vyakula vya Kimexico iliyoitwa Chi-Chi's waliambukizwa homa ya ini aina ya A. Watu zaidi ya 600 waliugua na angalau watatu wakafariki. Chanzo kilikuwa vitunguu vya majani vilivyoliwa vibichi katika salsa, yaani kachumbari yao. Maradhi hayo huweza kuchukua siku 15 hadi 50 kabla ya kujitokeza, na ndiyo sababu huwa vigumu kuyafuata nyuma.

Mwaka wa 2015 mikahawa ya kampuni ya Chipotle, ambayo vijana wengi wa Marekani waliipenda, ilihusishwa na maradhi ya E. coli yaliyowapata watu 60 katika majimbo 14. Mwaka wa 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 25 kuhusiana na visa vya kati ya 2015 na 2018 vilivyowagonjeza watu zaidi ya 1,100. Hapa Nairobi nako, mwaka wa 2017 kipindupindu kiliwapata hata watu waliokuwa wamehudhuria mkutano katika hoteli ya kifahari.

Funzo ni kwamba kitambaa cheupe cha mezani na bei ya juu havimfukuzi kiini.

Chakula chenyewe hakina hatia

Ingekuwa dhuluma kuwatwika Wamexico lawama. Mahindi yalianza kulimwa kwao yapata miaka 9,000 iliyopita. Maharagwe, nyanya, avokado na pilipili pia ni vya bara lao, vikaletwa kwetu baadaye. Mama mkwe hakukosea alipoona githeri mezani. Mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliutambua upishi wa jadi wa Mexico kama urithi wa binadamu wote.

Isitoshe, wana hekima ambayo sisi hatukuipokea pamoja na mahindi. Huyachemsha katika maji yenye chokaa kabla ya kuyasaga. Njia hiyo huifungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya punje, na kuongeza madini ya kalsiamu. Watu wa Ulaya na kusini mwa Marekani waliokula mahindi matupu bila njia hii walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini unaoharibu ngozi, tumbo na akili.

Tortilla ya mahindi, maharagwe yaliyoiva, avokado na kachumbari ni mlo bora kwa moyo na tumbo. Lakini kile kinachouzwa katika mikahawa mingi ya kisasa ni rundo la jibini, krimu na vibanzi vya mahindi vilivyokaangwa. Nachos zenyewe zilibuniwa katika miaka ya 1940 na mhudumu mmoja wa mkahawa wa mji wa Piedras Negras, mpakani na Marekani. WHO hushauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Sahani moja kama hiyo yaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho.

Ufanye nini?

Kabla ya kuketi, tazama. Je, chakula cha kujipakulia kinatoa mvuke? Je, mhudumu anayeshika pesa ndiye anayeshika tortilla? Je, msalani pana maji na sabuni? Huenda wapishi nao wananawa papo hapo unaponawa wewe. Sheria zetu za afya ya umma huwataka wanaoshughulikia chakula wapimwe na wawe na cheti, na upimaji hurudiwa kila baada ya miezi sita. Si utovu wa adabu kuuliza.

Chakula kikija vuguvugu, kirudishe. Kikirudi kimepashwa juujuu, usikile.

Mtu akianza kutapika au kuhara, mpe maji ya chumvi na sukari mapema. Tumia lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10 uanze tena. Pakiti za dukani ni bora zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayehara hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Usikimbilie dawa za kuzuia kuhara, hasa kwa mtoto.

Nenda hospitalini bila kungoja ukiona damu katika choo, homa kali, macho kuingia ndani, mkojo kukatika, kusinzia kusiko kwa kawaida, au kuhara kama maji ya mchele. Andika ulichokula na saa uliyokila, na uripoti kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti yako. Mtu mmoja akilalamika huonekana mgomvi, lakini watu watano wakiripoti mahali pamoja afisa hujua pa kuanzia.

Sisi tuliripoti siku ya tatu, tukiwa na risiti mkononi. Binti yetu alipona na kurudi shuleni wiki hiyo hiyo. Mama mkwe hakunilaumu hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko kama angenilaumu. Kabla ya kurudi Nyeri aliloweka maharagwe usiku, akayachemsha asubuhi, akakaanga chapati na kuponda avokado mbili. Mtoto alipopakuliwa, aliweka kiganja juu ya sahani kwanza.

"Shosho, ni moto," alisema, ndipo akaanza kula.