Mbwa Wako Akipotea, Nani Atajua Ni Wako?

Mbwa wengi katika kaunti yetu hulinda boma usiku, na mchana huachwa wazunguke. Majirani huwajua: huyu ni wa nyumba ile, yule ni wa mwenye duka. Lakini mbwa huyo akivuka mitaa miwili au mitatu, hakuna tena anayemjua. Huko huonekana kuwa mbwa wa kuzurura tu.

Mbwa hupotea hata kwa mwenyewe aliye makini. Radi, au fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, humtia hofu akaruka ua. Dume hufuata jike aliye kwenye joto. Familia ikihama, mbwa hutoroka akijaribu kurudi alikozoea. Anayempata huenda ni mtu mwema, ila hana namna ya kujua ampigie nani simu.

Ndiyo maana wakazi wanaofuga mbwa wanahimizwa kuwavisha mkanda wa shingoni wenye kibati cha utambulisho.

Sababu haiishii kwa kumrudisha mbwa nyumbani. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa huwa vigumu mno kuokoka. Mtoto akiumwa njiani, swali la kwanza ni: mbwa huyu ni wa nani, na je, amechanjwa? Mwenyewe akipatikana, kadi ya chanjo hukaguliwa na mbwa huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari anaweza kusitisha dozi zilizosalia. Mbwa asipojulikana, mtoto hulazimika kukamilisha chanjo zote, na mzazi hubeba gharama na wasiwasi.

Aliyeumwa asingoje mbwa atafutwe. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo.

Kibati kiandikwe nini? Namba ya simu inayopatikana, na ya pili ikiwezekana, pamoja na jina la mtaa au kijiji. Mafundi wengi wa kuchonga funguo wanaweza kuchora namba kwenye kibati. Usipompata fundi, andika namba juu ya mkanda wenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, na uirudie inapofifia. Ukibadilisha laini ya simu, badilisha kibati pia.

Mkanda usimkabe mbwa wala usiwe mlegevu. Vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kwa mtoto wa mbwa, kagua kila wiki, kwa sababu shingo hunenepa upesi na mkanda unaweza kumkata. Usitumie waya wala kamba ya nailoni.

Wako pia wanaotumia chipu, kidude kinacholingana na punje ya mchele ambacho daktari wa mifugo hudunga chini ya ngozi. Chipu haianguki, lakini haionyeshi mbwa alipo, na namba yake husomwa kwa mashine maalumu. Jirani hana mashine hiyo. Kwa hivyo hata mbwa mwenye chipu anahitaji kibati.

Kibati hakichukui nafasi ya chanjo. Mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe nyumbani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Kwa maelezo kuhusu chanjo na leseni, fika katika ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo yako.

Ukipotelewa na mbwa, wajulishe majirani, mzee wa mtaa na ofisi ya mifugo siku hiyohiyo. Na ukimwona mbwa mgeni mwenye kibati, usimkaribie iwapo anabweka kwa ukali, anatokwa na mate mengi au anayumbayumba. Piga ripoti kwa afisa wa mifugo. Akiwa mtulivu, soma namba na umpigie mwenyewe. Huenda kesho ukahitaji mtu akufanyie vivyo hivyo.