« Nimepata jina, ulizeni »: mchezo wa maswali 20 unaounganisha marafiki kwenye WhatsApp

Jioni, umeme ukirudi na mega zikiwa zimebaki kidogo kwenye simu, kuna ujumbe mfupi unaoamsha kundi zima la WhatsApp: « Nimepata jina. Ulizeni. » Hapo habari za vita na bei ya unga zinawekwa kando kwa nusu saa. Kutoka Goma hadi Uvira, na hata kwa marafiki waliokimbilia Kampala, Bujumbura ao kambi ya Nakivale kule Uganda, kila mmoja anatafuta jina moja tu: la mtu maarufu ambaye mwenzao amemficha kichwani.

Mchezo wenyewe ulikuwepo kabla ya simu, na sheria zake ni chache. Mmoja anachagua mtu anayejulikana. Wengine wanamuuliza maswali ambayo jibu lake ni « ndiyo » ao « hapana » tu. Maswali 20 yakiisha bila jina kupatikana, aliyeficha ameshinda. Mwenye kupata ndiye anaficha jina linalofuata. Ili mtu asibadilishe jina katikati ya mchezo, ni vizuri aliandike mapema kwa mwenzake mmoja ambaye hachezi. Kutafuta kwenye Google ni marufuku.

Kwa kuwa ni maandishi tu, mchezo unakula mega kidogo sana kuliko video. Tena haumtupi nje mwenye intaneti mbovu: anaweza kuuliza swali lake baada ya dakika kumi na bado yumo. Ndiyo sababu unawafaa watu waliosoma darasa moja na ambao leo vita imewatawanya.

Swali zuri linakata katikati

Wanaoanza hukimbilia kutaja jina: « Ni Messi? » Jibu likiwa hapana, wameondoa mtu mmoja tu duniani. Wakiuliza « Ni mwanamke? », jibu lolote linaondoa watu wengi mara moja. Hesabu ni rahisi. Ukiwa na majina 1 000, na kila swali likiondoa nusu, yanabaki 500, kisha 250, na kufikia swali la 10 umebaki na jina moja hivi. Maswali 20 ya namna hiyo yanatosha kuchambua majina zaidi ya milioni moja.

Tuchukue mfano. « Ni Mkongomani? » Ndiyo. « Ni mwanasiasa? » Hapana. « Anaimba ao anacheza kabumbu? » Hapana. « Ni munganga? » Ndiyo. Hapo kundi zima linaandika: Denis Mukwege! Haishangazi. Alizaliwa Bukavu mwaka wa 1955, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka wa 1999, na mwaka wa 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Lakini jibu ni hapana. Kama wangeuliza kwanza « Amepata Tuzo ya Nobel? », wasingepoteza nafasi.

Aliyefichwa ni profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka wa 1976 alifika Yambuku, ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu, na damu ya mtawa mmoja mgonjwa ikapelekwa Ubelgiji kuchunguzwa. Ugonjwa huo ndio tunaouita leo Ebola. Mwaka wa 2019 ni yeye aliyepewa kuongoza mapambano dhidi ya Ebola huku Kivu ya Kaskazini na Ituri. Wakaaji wa Beni na Butembo walionawa mikono kila mahali wakati ule waliishi kazi yake kwa karibu, hata kama jina lake haliwajii haraka kama la mchezaji wa Barcelona.

Jina lisilochezwa linasahaulika

Jambo hilo linaonekana pia kwenye Akinator, programu ya Wafaransa iliyoanza mwaka wa 2007, ambamo jini wa kuchora anakuuliza maswali mpaka anamtaja mtu unayemfikiria. Jini huyo hana uchawi. Anajifunza kwa wachezaji: akishindwa, anaomba aambiwe jina, na majibu yao yanamsaidia siku nyingine. Mtu anayechezwa na wengi anapatikana upesi. Asiyechezwa na yeyote hajulikani.

Kundi la marafiki liko vilevile. Tukificha Mbappé na Ronaldo kila siku, nani atamkumbuka Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye muziki wake ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952? Makundi yanaweza kujiwekea sheria moja ndogo: kwa kila majina mawili ya nje, moja la kwetu. Mwenye kuficha jina gumu, mwishoni aeleze kwa mistari mitatu mtu huyo alifanya nini.

Swali la kuacha nje

Kuna swali moja ambalo afazali likatazwe tangu mwanzo: « Ni wa kabila gani? » Huku kwetu swali hilo si la mchezo. Watu wameulizwa hivyo njiani na hawakurudi nyumbani. Katika kundi lenye watu wa makabila mbalimbali, linaweza kuvunja urafiki ambao vita yenyewe haikuuvunja.

Isitoshe, halihitajiki. Mkongomani, mwanaume, marehemu, mchezaji lakini si wa kabumbu, mrefu wa mita 2,18, alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake: huyo ni Dikembe Mutombo, na hakuna aliyeuliza kabila lake. Muulizeni mtu kazi yake, mwaka wake, mji wake, na kile alichowaachia wengine. Maswali 20 yanatosha kabisa.

Kwa wanaotaka kuanza leo, hili hapa jina la kuficha: mwanamke, Mkongomani, alizaliwa mwaka wa 1940, na mwaka wa 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu. Ni Sophie Kanza. Msiwaambie wenzenu.