Konokono na Mlio wa Ubao

Someni polepole pamoja nami.

Hapa Mgololo konokono hutoka mvua ikinyesha. Mwekeni mmoja juu ya ubao wa paini, mngoje atoe pembe. Sasa gongeni ubao kwa kidole. Mmeona? Amezirudisha pembe upesi! Ngojeni azitoe, mgonge tena vilevile, na tena. Baadaye atazirudisha kidogo tu. Mwisho hatajali, atakwenda zake.

Labda mtasema, “Amechoka.” La! Mguseni pembe kwa jani, atazirudisha mara moja. Nguvu anazo, ila amezoea kugonga kule kusikomdhuru. Na konokono anayejificha kwa kila tone la mvua atakula saa ngapi?

Bwana Eric Kandel wa Marekani alichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini, na mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel. Mshipa wa fahamu unaopokea mguso hutoa kemikali ya kuupasha habari mshipa unaoendesha misuli. Mguso ukirudiwa, kemikali hupungua, na habari hufifia.

Ninyi wenyeji, lori la magogo likipita usiku, nani huamka? Mgeni wenu.

Haya, mrudisheni konokono majanini, kisha mnawe mikono.