Kichocho, kibofu na protini zinazopiga ramli ya saratani

Katika vijiji vya mpunga vya Kibiti na delta ya Rufiji, mtoto akitoa damu mwishoni mwa mkojo watu husema ni kichocho, na wanasema kweli. Lakini mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo wa kichocho hicho, Schistosoma haematobium, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara.

Konokono wanaobeba ugonjwa huu hawastahimili maji ya chumvi. Kwa hiyo mvuvi wa kamba kwenye mikoko yuko salama kuliko anayepandikiza mpunga au kufua bwawani. Mabuu wanaotoka kwa konokono hao hupenya ngozi, minyoo hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu, na mayai yenye mwiba hunasa ukutani mwake. Kwa miaka mingi ukuta huo huvimba, hupona, huvimba tena. Kila seli inapogawanyika kuziba kidonda, huweza kukosea kunakili jeni zake.

Makosa hayo ndiyo yanayodhibitiwa na protini za kuzuia uvimbe. Inayojulikana zaidi ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Jeni ikiharibika, p53 husimamisha mgawanyiko ili seli ijirekebishe au ife. RB huizuia seli kuanza kunakili jeni kabla ya wakati, nayo p16 huilinda RB isizimwe.

Usomaji wa p53 huwababaisha hata wanafunzi wa udaktari. Ikiwa nzima, seli huivunja baada ya muda mfupi, hivyo haionekani sana. Ikiharibika, mara nyingi haivunjiki, hurundikana kwenye kiini. Mtaalamu wa patholojia hukata kipande cha nyama ya kibofu kilichogandishwa ndani ya nta, unene wa mikroni 4 hivi, kisha hukitia kingamwili na rangi. Viini vingi vikigeuka kahawia iliyokolea, kuna wasiwasi. Ila yapo mabadiliko ya jeni yanayozuia protini isitengenezwe kabisa, na hapo viini vya saratani hubaki bila kahawia yoyote. Hiyo nayo si habari njema, na msomaji mwenye haraka anaweza kuiandika kuwa salama.

Mwaka huohuo wa 1994, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 243 walioondolewa kibofu: wale ambao p53 ilirundikana kwenye seli zao ndio ambao saratani iliwarudia zaidi. Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa kupima protini kadhaa pamoja hutabiri vizuri kuliko kupima moja. Hata hivyo, kinachoongoza tiba mpaka leo ni kina cha saratani ukutani na sura ya seli zake. Sioni haki kumtoza mgonjwa fedha za kipimo cha p53 huku hajafanyiwa uchunguzi wa kibofu kwa kamera. Mtu mzima anayekojoa damu anauhitaji uchunguzi huo hata kama ameshameza prazikwanteli, dawa ya kichocho.

Tena takwimu nyingi za protini hizi zimetokana na saratani ya utando wa ndani wa kibofu, ile inayohusishwa na sigara. Kwetu sura ni nyingine. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2013 mapitio ya wagonjwa 185, na aina iliyoongoza ilikuwa saratani ya seli bapa, inayoandamana na kichocho. Katika saratani za kichocho jeni ya p16 hupotea mara nyingi zaidi. Kipimo kilichosanifiwa kwa wavutaji sigara wa Marekani hakiwezi kuhamishiwa hivihivi kwa mama mkulima wa Kibiti; panahitajika sampuli za watu wa pwani wenyewe. Na sampuli hizo huharibika mapema: nyama ikikaa muda mrefu kabla ya kutumbukizwa kwenye fomalini, protini huoza, na rangi itakayoonekana maabara haitakuwa ya ugonjwa.