Raha za Juma Huanzia Barazani

Ukimwuliza mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, akutajie raha, aghalabu atakutajia harusi iliyofana, Idi, au Maulidi ya Lamu. Hizo ni raha kweli, hapana abishaye. Lakini mwaka una majuma 52, na mengi katika hayo hayana harusi wala Idi. Ni majuma hivi hivi tu. Je, katika majuma hayo twaishi bila ya raha? La hasha! Zipo, ila ni ndogo ndogo na hazina kadi ya mwaliko, ndiyo maana twazipita bila ya kuzitazama.

Natuanze na juma lenyewe. Mswahili huhesabu siku zake kutoka Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, mpaka Jumatano. Hapo hesabu hupokewa na Kiarabu, tukapata Alhamisi, ambayo asili yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo juma letu lina siku za tano mbili zinazofuatana, na kilele chake ni Ijumaa. Ni kama ngazi: mtu hupanda kidato kimoja baada ya kingine.

Kidato cha kwanza ni mahamri ya Jumamosi asubuhi. Mama mwenye karai alikwisha kuukanda unga tangu usiku kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, akauacha uumuke. Watokao msikitini baada ya sala ya alfajiri huipata harufu kabla hawajafika penye kichochoro. Watoto nao wametumwa na vyombo vyao kununua mbaazi zilizopikwa kwa tui zito. Hamri zuri hufura likawa tupu ndani, na ukilivunja lingali moto hutoa mvuke. Hiyo si karamu. Ni staftahi ya tajiri na ya mchukuzi sawasawa.

Zikiingia siku za kazi, raha hazikomi. Pita Mtaa wa Biashara, liliko duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake zajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Utawaona akina mama wameinamia leso mpya, mmoja asoma jina lake kwa sauti, wenziwe wacheka, kila mmoja amfikiria wa kupelekewa ujumbe ule. Pengine hakuna atakayenunua siku hiyo. Kusoma na kucheka hakuuzwi.

Lakini raha iliyo kubwa kuliko hizi zote, kwa maoni yangu, ni ile ya baada ya Alasiri, jua lipungukapo makali. Muuza kahawa huja na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na watu wakajikusanya barazani. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na yataka kashata au tende ya kuisindikizia. Hapo bao huchezwa, mpira hubishaniwa, na serikali huundwa na kuvunjwa kabla ya adhana ya Magharibi.

Barazani petu kila mtu ana mahali pake. Mzee wetu mmoja hukaa pembeni, karibu na nguzo. Mkewe alikwisha kufariki, na mwanawe yuko Ghuba kwa kazi. Jumatano moja kahawa ilimiminwa, kikombe cha kwanza kikanyoshwa penye nguzo kama ada, na hapakuwa na mkono wa kukipokea.

"Jamani, mzee wetu yu wapi leo?" akauliza muuza kahawa.

Tulitazamana. Vijana wawili wakaondoka mbio wakapige hodi. Walimkuta chini, ameanguka tangu adhuhuri, hawezi kuinuka. Alichukuliwa hospitali, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona. Mwanawe alimpigia simu siku ile kutoka ng'ambo, simu ikalia bila ya kujibiwa, naye akadhani baba amelala. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Tangu siku hiyo sikioni kikombe cha kahawa kuwa ni kitu kidogo. Watu waliokuja kujifurahisha tu ndio waliojua kwamba mwenzao hayupo. Na ndipo moyo wangu huingia hofu nipitapo mitaani, nikaona nyumba mpya zajengwa bila ya baraza, na za zamani nyingine zimezungushiwa vyuma. Siwalaumu wenyewe, wezi wapo. Hata tuliobaki barazani, mara nyingi kila mmoja ameinamia simu yake. Lakini natujiulize: baraza ikifungwa, nani atahesabu vikombe?

Alhamisi jioni ilipofika, ambayo kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, asumini ziliuzwa kama kawaida na moshi wa udi ukatoka madirishani. Kesho yake tukavaa kanzu zilizopigwa pasi, tukasali, tukapeana mikono, na watu wakaenda kula pilau makwao. Majuma mawili baadaye mzee alirudi, polepole, ameshika mkongojo, akaketi penye nguzo yake.

"Wanangu," akasema, "ile kahawa yangu ya Jumatano aliinywa nani?"

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Muuza kahawa hakujibu. Alikisuuza kikombe, akakijaza, akakinyosha.

Basi msomaji, leo baada ya Alasiri toka nje ukae kidogo. Tazama ni nani aliyepo, kisha uulize ni nani asiyekuwapo.