Nyumba ya Magurudumu Ndhiwa: Kwanza Tafuta Pa Kuisimamisha

Wengi wanaokuja karakanani kwangu na wazo la kuishi ndani ya gari huanza na injini. Dizeli au petroli, gia za mkono au otomatiki, lori dogo au vani. Mara nyingi ni wastaafu, wazaliwa wa Ndhiwa waliomaliza maisha ya kazi Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na mpango wao ni mzuri: wapangishe nyumba ya mjini, waweke kitanda, jiko na tangi la maji ndani ya gari, wakae miezi kadhaa kwenye uwanja wa kanisa wakijitolea, na siku zisizo za kazi wazunguke kwa ndugu, leo Kabuoch, kesho Kanyamwa, wiki ijayo kwa dada aliyeolewa Karungu. Naupenda mpango huu na ningefurahi wengi waujaribu. Ila injini ni swali la mwisho. Gari la kuishi hutembea saa mbili, likasimama wiki tatu. Utaishi vizuri au vibaya kutegemea pale linaposimama: udongo ulio chini ya tairi, maji yaliyo karibu, jua la paani, na neno la mwenye boma.

Marekani jambo hili lina utaratibu wake. Kundi la NOMADS la Kanisa la Methodisti la Muungano, kwa mfano, huwapeleka wastaafu wenye nyumba za magurudumu kwenye makanisa na kambi za vijana, na kwa kawaida kazi moja huchukua wiki 3. Mwenyeji halipi mshahara. Hutoa mahali pa kuegesha penye stima, bomba la maji na pa kumwaga majitaka, na magari yao yameundwa kwa kutegemea vitu hivyo vitatu. Ndiyo maana nawaomba wateja wasinakili picha za huko. Kanisa la kijijini Kanyikela huenda lina stima inayokuja na kupotea, tangi la maji ya mvua na choo cha shimo. Gari lako lije na kila kitu, na ujue mapema taka zake zitaenda wapi.

Kuhama na godoro kwenda kukaa kanisani, hata hivyo, si jambo geni Ndhiwa. Chimbuko lake liko mbali: Waadventista Wasabato walifanya mkutano wao mkuu wa kwanza wa makambi huko Wright, Michigan, mwaka 1868, watu wakilala kwenye mahema. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, walifika Gendia karibu na Kendu Bay, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza misheni yao ilikuwa imeenea Nyanza Kusini, Kanyadoto ikiwemo. Hadi leo, msimu wa makambi ukifika, familia hufunga godoro, sufuria, chandarua na gunia la unga, zikakae wiki nzima kwenye hema au darasani. Nani achote maji, choo kichimbwe upande gani, wazee walale wapi: kamati za makambi zimejibu maswali haya mwaka baada ya mwaka. Kabla hujachora ramani ya gari lako, kaa na mtu aliyewahi kusimamia makambi kwenye kanisa unakokwenda. Atakuonyesha kona ya uwanja ambako maji hayatuami.

Kona hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote utakachofungiwa karakanani. Sehemu kubwa ya Ndhiwa ni udongo mweusi unaonata, wenye mfinyanzi wa aina inayonyonya maji na kuvimba, kisha ikasinyaa ikikauka. Kiangazi ardhi hupasuka nyufa zinazomeza mkono. Mvua za Machi zikikolea, ardhi ile ile inakuwa uji. Gari halizami siku ya kwanza. Linakaa, uzito wake haupungui, na kila mvua inashusha upande mmoja kidogo, mpaka asubuhi moja unaamka umebingirikia ukutani. Mlango wa kabati unajifungua wenyewe, maji ya sinki yanatuama upande usio na tundu, na kama una friji ya gesi, ile inayopooza bila kompresa, inaacha kupooza kwa sababu haifanyi kazi ikiwa imeinama.

Kipimo changu ni rahisi. Siku moja baada ya mvua kubwa, chukua nondo ya milimita 12, isimamishe pale unapotaka tairi likae, uisukume kwa uzito wa mwili. Ikiingia bila kubishana, hapo si pa kuegesha. Mwaga mawe na marumu, shindilia, kisha laza mbao nene pana kuliko tairi. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea, kwa maana siku ya kuondoka kwa haraka, msiba au ugonjwa, hutakuwa na nafasi ya kugeuza. Lami ya kutoka Rodi Kopany kupita Ndhiwa kwenda Sori itakufikisha vizuri. Zinazokwamisha ni zile mita chache za mwisho kati ya lami na lango la kanisa, hasa wakati wa kuvuna miwa, trekta zinapokata njia kuwa mitaro miwili. Trekta hizo hizo ndizo zitakazokuvuta, kwa hiyo salimiana na madereva mapema.

Kwa upande wa stima tuna bahati ambayo wenzetu wa kaskazini hawana. Ndhiwa haifiki nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Ulaya, paneli ya sola iliyolazwa bapa juu ya paa hupoteza nguvu nyingi majira ya baridi, kwa sababu jua liko chini. Kwetu jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo paneli iliyolala paani imekaa karibu kabisa na mkao ambao ungeuchagua. Adui wake ni vumbi na kivuli. Paneli ya wati 200, ikifutwa, itakupa kama wati-saa 700 hadi 900 kwa siku ya kawaida. Friji ndogo ya volti 12 hula 400 hadi 600 kwa joto la huko. Taa tatu, simu mbili na feni ndogo huongeza kama 150. Hesabu inatosha, lakini kwa shida, na siku mbili za mawingu mfululizo zitakuumbua kama betri ni ndogo. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,280 na unaweza kutumia karibu zote. Ya asidi ya ukubwa huo usiishushe chini ya nusu, tena ina uzito wa kilo 30 hivi ambapo mwenzake ana 12 tu. Birika la umeme liache mjini: lenye wati 2,000, kwa dakika 5, humeza kiasi ambacho taa zako tatu zingetumia usiku kucha.

Hapo unaingia mvutano wa jua na mwembe. Kila mtu atakushauri uegeshe chini ya mti, na mchana utamshukuru. Lakini kivuli cha tawi moja kikiangukia kona ya paneli kinaweza kupunguza nguvu ya paneli nzima, na ukanda huu wa ziwa una radi nyingi. Mti mrefu peke yake uwanjani si jirani mwema. Ushauri wangu: egesha juani, funga turubai pembeni kwa kivuli cha kukaa, weka matundu ya hewa paani na nyavu kwenye kila dirisha. Nyavu si pambo. Kaunti ya Homa Bay, ilimo Ndhiwa, ni ukanda wa malaria ya mwaka mzima. Ni katika kaunti hii ambapo Kenya ilizindua chanjo ya malaria ya RTS,S Septemba 2019. Na kama ndugu zako wako upande wa bonde la Lambwe, jirani na hifadhi ya Ruma, usipake gari rangi ya buluu iliyokoza wala nyeusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, na gari linalotembea huwavuta hata zaidi.

Maji yanabebwa kwa kilo. Lita moja ni kilo moja, na viwango vya Sphere vinavyotumiwa kwenye kambi za wakimbizi huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini. Wawili mnahitaji lita 30. Tangi la lita 100 linawatosha siku tatu. Wateja huniomba tangi la 300, nami hukataa, kwa kuwa hizo ni kilo 300 juu ya ekseli ile ile itakayosimama kwenye udongo ule mweusi. Afadhali tangi dogo garini na kubwa kanisani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la kanisa lenye mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linamwaga karibu lita 2,000. Nimeona makanisa mengi yenye mabati mazuri yasiyo na mfereji hata mmoja, na akina mama wanatembea kwenda mto Kuja na madebe. Kama unajitolea na una mikono ya ufundi, anza na mifereji na tangi. Utakunywa nao maji hayo, yakishachemshwa au kutiwa dawa.

Choo cha gari kiwe cha ndoo kavu, mkojo ukitengwa, majivu yakimwagwa juu kila mara, na ndoo imwagwe kwenye choo cha shimo cha kanisa kwa ruhusa. Zile dawa za buluu za vyoo vya magari za ng'ambo huua vijidudu vinavyosaga uchafu shimoni, basi usizilete. Maji ya kuogea usichimbie shimo la kunyonya kwenye udongo wa mfinyanzi, maana ukishavimba haupitishi maji, utafuga mbu. Yaelekeze kwenye migomba.

La usiku nitalisema kwa ukali. Jiko la makaa halilali ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu, hata mvua ikinyesha. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu na huua mtu usingizini. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku kinachofunguka nje, chenye tundu chini, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni ikingoja cheche.

Sasa boma. Mafundi wengi hawaligusi hili, lakini kwa Ndhiwa ni sehemu ya kazi. Desturi ya Waluo kuhusu pa kulala ina uzito. Kijana akikua huacha kulala kwa mama na kujenga simba, kibanda chake cha ujana, karibu na lango. Wakwe hawalali chini ya paa moja na mkwe wao. Familia hutofautiana kwa ukali wa kushika, ila swali la gari litaulizwa: mume na mke wakilala ndani ya gari lililosimama katikati ya boma la baba wa mume, wamelala wapi? Nimewasikia wazee wakivutana. Mmoja anasema gari ni chombo cha safari, kama mabasi ya kukodi ambamo waombolezaji hulala kila wiki matangani. Mwingine anasema ukishapika na kutandika kitanda humo, hiyo ni nyumba, na nyumba ina mahali pake. Mimi si mwamuzi wao. Ninachowaambia wateja ni wampigie mzee simu kabla ya safari, si wakishafika langoni, na wakubali kusimama nje ya ua akisema hivyo. Kwa ziara za ukweni gari hili ni baraka ya kweli: unaweza kumtembelea binti yako kwa mumewe, ukala nao hadi usiku, kisha ukaenda kulala kwako mita chache nje ya uzio.

Kuna kitu kimoja ambacho gari haliwezi kukupa. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyezikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, iliwasikilizisha Wakenya wote hoja kwamba nyumba yake ya Nairobi ilikuwa nyumba tu, haikuwa boma. Kama nyumba yenye msingi ilikosa hadhi hiyo, yenye magurudumu haitaipata. Mtu akiniambia anataka kuuza kiwanja chake cha nyumbani anunulie gari, namwomba arudi akaongee na familia kwanza.

Kisheria mambo ni machache. Kubadili bodi ya gari kunahitaji idhini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kitabu cha gari kirekebishwe, la sivyo bima inaweza kukukana siku ya ajali. Gari zito likivuka uzito wa leseni yako ya kawaida, utahitaji daraja la lori. Na mnaotaka kulileta kutoka Marekani, usukani wa kushoto hausajiliwi hapa.

Makambi yakikaribia, kanisa litakuomba stima ya vipaza sauti, na ni haki yao. Amplifaya ya wati 300 ikifanya kazi saa tatu inaweza kula wati-saa 900, yaani mavuno yote ya siku ya paneli yako ya 200. Kwa hiyo nikitengeneza gari la mtu anayekwenda kujitolea, naweka paneli mbili, betri mbili, na soketi moja nje, karibu na mlango, yenye fyuzi yake, ili friji ya ndani isizimike wakati kwaya inaimba. Ongeza waya wa mita 30. Hema la mahubiri huwa halikai karibu na gari.