Panadol nyingi huua ini kimyakimya

Nyumba nyingi nchini hazikosi vidonge vya parasetamoli, ambavyo wengi wetu huviita Panadol hata vikiwa vimetengenezwa na kampuni nyingine. Huuzwa dukani kando ya sukari na kiberiti, wala huhitaji cheti cha daktari. Ni dawa nzuri, nami huwapa wagonjwa wangu bila wasiwasi, mradi kipimo kifuatwe.

Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kisha hungoja angalau saa 4. Kwa muda wa saa 24, usiku ukiwemo, asizidishe vidonge 8. Ikiwa uzito wako haufiki kilo 50, ini lako lina ugonjwa, hujala vyema kwa siku kadhaa au unalewa kila siku, hata hivyo 8 huenda vikawa vingi kwako. Mwulize daktari kwanza.

Pengine utasema kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kupita vidonge 8. Hebu mfikirie mtu anayeumwa na jino, akingoja mwisho wa mwezi apate pesa za kuling'oa. Anameza vidonge 2 asubuhi, 2 adhuhuri na 2 jioni. Jirani anamwonea huruma na kumpa dawa ya kichwa yenye jina jingine. Usiku, kwa kuwa ana mafua pia, anakoroga dawa ya unga kwenye maji moto. Anadhani ametumia dawa tatu tofauti, kumbe huenda zote zina parasetamoli ndani. Maandishi ya pakiti ni madogo mno (sijui huchapishiwa macho ya nani), lakini yasome. Mtu huyo akiendelea hivyo kwa siku kadhaa, ini lake limo hatarini.

Ini hugeuza sehemu ya dawa hii kuwa sumu, kisha huizima kwa kemikali yake lenyewe. Dawa ikizidi, kemikali hiyo huisha na sumu hushambulia ini.

Ubaya ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa huenda akatapika tu, au asihisi lolote. Maumivu chini ya mbavu za kulia hufuata baadaye. Macho yanapogeuka manjano, siku ya tatu au ya nne, ini limeharibika sana. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia hayo, asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikianza kabla ya saa 8 kupita tangu kumeza. Kwa hivyo, aliyezidisha asingoje kuumwa, wala asipoteze wakati akinyweshwa maziwa. Mpeleke mara moja pamoja na pakiti zote, na useme alimeza ngapi na saa ngapi. Ikiwa alifanya makusudi, usifiche.

Watoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Tumia kijiko kilichokuja na chupa. Kijiko kikubwa cha mezani hubeba karibu mara tatu ya mililita 5 zinazotakiwa. Tena, parasetamoli hushusha joto tu, haiui viini vya malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo au kesho yake, hata kama joto limeshuka.